Daftari la chama: majedwali yamefutika yote, risiti imeanza na namba 1

Amri ya kufuta data imekubali! Majedwali ni matupu, na risiti ya kwanza imetoka na namba 1.

Hifadhidata ya daftari hili, ninayoitunza kwa PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data katika majedwali), ilikuwa imejaa data ya majaribio: wanachama wa kubuni, mikopo ya kubuni, faini za kuchelewa mkutanoni. Sasa chama chetu hapa Umoja kinataka kuingiza michango halisi.

Kilichonitoa jasho ni majedwali mawili yanayoshikana. `wanachama` linategemea `vyama`, nalo `vyama` linategemea `wanachama` kupitia safu ya `mweka_hazina_id`. Ukianza DELETE (amri ya kufuta mistari) huku, ufunguo wa kigeni, yaani sharti linalofunga jedwali moja na jingine, unagoma. Ukianza kule, unagoma vilevile. Ningeweza kuweka NULL (kuacha safu hiyo bila thamani) kwanza, lakini DELETE haigusi sikwensi, kile kihesabu kinachotoa namba zinazofuatana, kwa hiyo risiti zingeendelea kutoka elfu nne na kitu. Wamama wa chama wakiona namba hiyo siku ya kwanza watauliza zile nyingine zilienda wapi, na wana haki kabisa.

TRUNCATE (amri ya kumwaga jedwali zima) ya jedwali moja nayo hukataa mradi kuna jedwali jingine linalolitegemea, hata kama hilo jingine halina kitu ndani! Hapo nilikwama sana. Kumbe unayataja yote kwa amri moja:

`TRUNCATE vyama, wanachama, michango, mikopo, faini, risiti RESTART IDENTITY;`

RESTART IDENTITY ndiyo inayorudisha sikwensi mwanzo. Najua wengi wangeongeza CASCADE, inayomwaga pia kila jedwali linaloyategemea hayo. Mimi siitaki. Bila hiyo, Postgres ilinigomea mwanzoni na kunitajia jedwali la `kaunti`, ambalo lilikuwa na safu ya `imehaririwa_na` inayotegemea `wanachama`. Nikauondoa ufunguo huo, maana haukuwa na kazi. Kwa CASCADE, kaunti zangu zote 47 zingefagiliwa pamoja na wanachama wa kubuni.

Jambo jingine ninaloipendea Postgres: TRUNCATE unaiweka ndani ya muamala (kundi la amri zinazothibitishwa kwa pamoja), usiporidhika unapiga ROLLBACK na data inarudi ilivyokuwa. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, inaithibitisha papo hapo, hakuna kurudi nyuma.

Leo nilipanga kuandika skripti ya kusoma taarifa za M-Pesa. Itangoja, kwa sababu nimepata wazo: nitunze hifadhidata moja tupu, yenye kaunti pekee, kisha nikitaka kujaribu kitu:

`CREATE DATABASE jaribio TEMPLATE daftari_tupu;`

Inanakili kila kitu kilichomo, bora tu pasiwe na mtu aliyeunganishwa na ile ya asili. Nikimaliza naitupa nakala, nanakili nyingine, na sina haja ya kufuta jedwali lolote. Naanza nayo usiku huu.