Kumbukumbu ya fidla yangu: miezi minne ya kukwaruza kwa makusudi

4 Januari

Miaka kumi na moja nimepiga fidla kwenye taarab hapa Unguja, na miaka yote hiyo mkwaruzo nimeuhesabu aibu. Upinde ukichubuka juu ya uzi, Maalim wangu hasemi kitu. Anakohoa mara moja, na mimi masikio yananiwaka.

Sasa juzi rafiki yangu mpiga selo, ile fidla kubwa inayokaa baina ya magoti, amenirushia rekodi kwenye simu, ameandika maneno matatu tu: "Sikiliza mpaka mwisho." Nilidhani faili limeharibika. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: *Pression*, ya Mjerumani Helmut Lachenmann, ya mwaka 1969, kwa selo moja peke yake. Wimbo humo hamna. Upinde unakandamizwa mpaka uzi unakoroma, vidole vinasugua, mbao inapumua kama mtu aliyelala na mafua. Nikatafuta nota zake nione zilivyoandikwa. Hazikwambii sana utasikia nini. Zinakwambia mkono uende wapi, ushike nini, ukandamize kiasi gani. Ni kama mtu akuelekeze kuchanganya na kukoroga bila kukutajia unapika chakula gani.

Usiku ule nilisikiliza mara tatu, mara ya tatu taa imezimwa. Basi nimejiwekea kazi mpaka mwisho wa Aprili: kila wiki nisikilize kitu kimoja cha namna hii, na kimojawapo nikipige mwenyewe. Sharti ni moja, nisikatishe katikati.

11 Januari

Wiki hii ni Krzysztof Penderecki wa Poland, na ile *Threnody* yake, yaani ombolezo, ya mwanzo wa miaka ya 1960. Wapigaji 52, wote wa nyuzi: fidla 24, viola (fidla kubwa kidogo) 10, selo 10, besi 8. Mwanzoni kila mmoja anapiga sauti ya juu kabisa chombo chake kinayoweza kufika, na kwenye nota sauti hiyo ni pembetatu ndogo nyeusi, basi. Hakuna aliyeambiwa ni Do au Fa. Muda nao unahesabiwa kwa sekunde.

Mama alikuwa chumbani anakunja nguo. "Zima hiyo. Nyuki wameingia?"

Hakukosea sana. Lakini lililonikaa kichwani ni jina. Mwanzoni Penderecki aliiita 8'37", yaani urefu wake, halafu baadaye akaitoa kwa wahanga wa Hiroshima. Mimi nilikwisha kulijua jina la pili kabla ya kusikiliza, na tangu hapo nasikia ving'ora tu. Nimejaribu kuisikiliza kama dakika nane za nyuzi, nimeshindwa. Namuonea wivu mtu aliyeisikia kabla haijabadilishwa jina.

25 Januari

*Black Angels* ya George Crumb, Marekani, 1970. Wapigaji wanne wenye vipaza sauti, na humo ndani wanatumia upinde kupiga gilasi za kioo zenye maji. Nimejaribu kwa gilasi ya chai. Nimepata mlio wa mlango usiotiwa mafuta na nimechafua singa za upinde.

Hadithi yake lakini ni tamu. Mwaka 1973 David Harrington aliisikia redioni, na kwa sababu hiyo akaanzisha Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa nyuzi, kule Seattle. Mtu anasikia kelele redioni, anajenga maisha yake juu yake. Mimi ningebadilisha stesheni.

8 Februari

Nimeanza kugusa fidla, na tatizo la kwanza limekuja kabla ya sauti ya kwanza. Fidla yangu, kuanzia uzi mnene, nimeituni Sol-Re-Sol-Re, kama wafanyavyo Wamisri, na mkono wangu umekulia hapo. Nota hizi zote zinataka Sol-Re-La-Mi. Maana yake nyuzi mbili za juu zikazwe, kila mmoja toni nzima. Wa tatu ulikubali. Wa nne, ambao nadhani una umri wa harusi ya dada yangu, ulifika karibu kabisa na Mi, ukakatika, ukanichapa kwenye kifundo cha kidole. Seti mpya imeagizwa Dar, itakuja na boti.

Wakati nasubiri nimefanya mazoezi kwenye nyuzi tatu zilizobaki: mpigo mmoja mrefu, na upinde unasogea taratibu kutoka juu ya shingo mpaka usoni pa daraja, kile kijiti kinachozinyanyua nyuzi. Juu ya shingo sauti ni laini, ya filimbi. Karibu na daraja ile sauti ya msingi inafifia, zinatoka zile nyembamba zilizojificha juu yake, kama bati linapigwa upepo. Miaka kumi na moja nimepiga katikati ya njia hiyo, sentimita mbili hivi, nikidhani hapo ndipo fidla ilipo.

Na kukoroma nimekuelewa. Singa zenye ulimbo huushika uzi, zinauvuta kidogo, uzi unaponyoka, unashikwa tena. Kwenye uzi wa La ulio wazi kamata-ponyoka hiyo inatokea mara 440 kwa sekunde. Ukikandamiza kupita kiasi uzi unachelewa kuponyoka, hesabu inavurugika, ndipo linapotoka lile koromo. Kwa hiyo mkwaruzo ni uzi uleule unaofanya kazi ileile, ila umecheleweshwa. Maalim hakuwahi kunieleza hivyo, naye hana kosa. Alikuwa na harusi za kupiga.

Nikajitia ushujaa nikafungua *Nocturne* ya Kaija Saariaho wa Finland, kwa fidla moja, aliyoiandika 1994 kumkumbuka mtunzi Witold Lutosławski. Humo upinde unahama hivyohivyo, kutoka sauti safi mpaka pumzi mpaka mchanga, ila kwa mwendo uliopimwa, na mkono wa kushoto una kazi zake nyingine. Nilifika mstari wa pili. Nimeifunga. Kusikiliza naisikiliza kila siku.

Ramadhani

Fidla imo sandukuni. Nasoma nota tu, baada ya tarawehe, kwenye simu, mpaka macho yaume.

Nimegundua hazina. Hao Kronos waliagiza kazi 50 mpya kwa ajili ya wanafunzi na wapigaji wachanga, nusu za watunzi wanawake na nusu za wanaume, na nota zake zote wameziweka bure pamoja na rekodi. Bure kabisa! Nimepakua *Satellites* ya Garth Knox, mpiga viola aliyekuwa kwenye kundi jingine la wanne, Arditti Quartet, miaka ya 1990. Huyu ni miongoni mwa wanne waliopiga kwartet (kazi ya wapigaji wanne) ya mtunzi Mjerumani Stockhausen mwaka 1995 kule Amsterdam, kila mpigaji ndani ya helikopta yake, angani. Nimeangalia video mara mbili. Kwa maoni yangu helikopta ndiyo iliyopiga muziki, nyuzi zilikuwa abiria.

*Satellites* ni nzuri kwa mtu kama mimi kwa sababu inafundisha: upinde unaruka, unazunguka, unakwenda kwa urefu wa uzi badala ya kuukata. Ubaya wake inataka watu wanne. Mimi nina nafsi yangu na rafiki wa selo anayepatikana Jumapili moja kwa mwezi.

Hao hao Kronos, katika albamu yao ya 1992 ya watunzi wa Afrika, walipiga kazi ya Mganda Justinian Tamusuza. Inaitwa *Ekitundu Ekisooka*, na Mswahili hahitaji mkalimani sana kukisia kuwa hicho ni kipande, cha kwanza. Mara nyingine nyuzi zile zinajibizana mpaka nasikia mbao zinagongwa. Imenirudisha kwenye zeze la Wagogo, la marehemu Hukwe Zawose. Zeze lina mkwaruzo wake wa asili, na sijapata kusikia mtu anakohoa.

Wiki ya pili baada ya Idi

Nimepata cha kupiga. Kinaenea kwenye postikadi.

James Tenney, Mmarekani, alikuwa na mfululizo wa kazi alizozichapisha kwenye postikadi. Ya fidla inaitwa *Koan*, ya mwaka 1971, alimwandikia mpiga fidla Malcolm Goldstein. Unaanza na nyuzi mbili za chini zikiwa wazi, Sol na Re, upinde unapokezana haraka baina yao bila kusita. Kisha kidole kinaingia kwenye uzi wa Sol na kuanza kupanda. Polepole. Polepole kuliko unavyodhani. Kinaikaribia Re, kinaikuta, kinaipita, kinaendelea. Baadaye unahamia jozi ya juu yake. Mpigaji mwingine hana, wala mdundo, wala mahali pa kuonyesha ufundi.

Mara ya kwanza nilimaliza kwa dakika nne, nikajiona hodari. Nikasikiliza rekodi za watu wengine, nikaona haya.

Utamu uko pale kidole kinapoikaribia Re. Re ile ni mitetemo 294 hivi kwa sekunde. Kidole kikifika 290, masikio yanapata mawimbi manne kila sekunde, uu-uu-uu-uu, kama injini ya mashua iliyo mbali. Kikisogea unywele mmoja, yanakuwa matatu. Mawili. Moja. Halafu bahari inatulia, unazo nyuzi mbili na sauti moja, na ndani ya sauti hiyo kunatoka vitu ambavyo mimi sikuvipiga.

Jaribio la tano: dakika tisa. Kiwiko kinawaka, jasho linakipeleka kidole kabla sijakiruhusu. Jaribio la nane: dakika 17, nikaenda kusikiliza rekodi kwa furaha, na simu ilikuwa imejiwekea kile kitu cha kuondoa kelele. Mawimbi yote imeyafuta. Imebakisha mlio mwembamba kama wa mbu na, mara moja, kuku wa jirani, ambaye simu ilimwona ana thamani.

Tatizo jingine sikulitegemea. Kidole hakikubali kupita. Kikitoka Sol kwenda juu, kwenye ile La pungufu ambayo si La wala si bemoli (La iliyoshushwa nusu toni), kinataka kukaa. Hapo ni nyumbani kwake, hapo ndipo Bayati, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti) zetu za taarab kama ilivyo Rasti, inapoanza kulia. Mpigaji aliyesoma Ulaya pengine anapita hapo kama anavyopita uwanja mtupu. Mimi kila nikifika napunguza mwendo bila kujua.

19 Aprili

Nimempelekea Maalim. Nilikaa kibarazani kwake nusu saa nikizungumza bei ya samaki kabla sijathubutu kufungua sanduku. Nikapiga yote, dakika 17 na kidogo. Hakukohoa.

Nilipomaliza akaniuliza, "Ushatuni?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Maalim."

"Mwanangu, mtu anatuni robo saa nzima halafu hapigi?"

Nikamweleza ya postikadi, ya Mmarekani, ya mawimbi. Akanyamaza. Akaagiza kahawa. Akaniambia nipige tena uzi wa kwanza tu, akafumba macho, na kabla sijafika Re akaninyooshea kidole.

"Hapo. Umesita kwenye Bayati. Kama huingii ndani, usibishe hodi."

Sikumwambia kuwa nalijua. Nilitaka nione kama linasikika, nalo linasikika.

26 Aprili

Nimerekodi upya juu ya paa, simu nimeizima ule usafi wake. Dakika 19 na sekunde 40. Bayati nimeipita salama. Nimesita kwenye Rasti.