Kumi na Nane

Faili namba 41 nililifungua saa nne usiku, kwenye chumba cha kumbukumbu, nikiwa peke yangu. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uuguzi, nikisoma mchana na kuingia zamu usiku, na usiku ule sikuwa zamu. Kwa ajili ya tasnifu nilikuwa napitia mafaili ya wagonjwa waliohamishwa ghafla kutoka wodi ya upasuaji kwenda chumba cha wagonjwa mahututi, nione sisi wauguzi tuliandika nini katika saa 24 za mwisho kabla hawajahamishwa. Kamati ya maadili ilikuwa imeniruhusu. Majina yalifunikwa, kila faili likapewa namba.

Kabla hata sijafika kwenye hilo la 41 nilikuwa nimeanza kuona kitu kilichoninyima raha. Joto, mapigo na presha vilipanda na kushuka, kama vinavyofanya kwa mtu anayeumwa. Safu ya pumzi haikutikisika. 18, 18, 20, 18, 18. Kijana na mzee, aliyetoka kupasuliwa jana na aliyekuwa anajiandaa kuruhusiwa, karibu wote walipumua mara 18 kwa dakika, usiku na mchana.

Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua inavyokuwa. Presha ina mashine yake, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kile kifaa cha kidoleni. Pumzi zinataka macho yako, saa yenye mshale wa sekunde, na dakika nzima. Tena mgonjwa asijue kama unamhesabu, maana akijua anaanza kupumua kwa kujisikiliza. Ndiyo sababu tulifundishwa kuendelea kushika mkono wake kana kwamba bado tunatafuta mapigo, huku jicho liko kifuani. Usiku ukiwa na wagonjwa wengi na mikono michache, dakika hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa. Unatupa jicho, kifua kinapanda na kushuka, unaandika 18, unasogea kitanda kinachofuata.

Na pumzi ndizo hutangulia kusema. Tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha, asidi hujikusanya kwenye damu, na mwili huharakisha kupumua ili utoe kaboni dioksidi na kuipunguza. Presha inaweza kusimama palepale kwa saa kadhaa huku kifua kinakimbia. Kwenye mfumo wa alama za tahadhari, ambao kila kipimo hupewa alama na zikiongezeka hatari imeongezeka, uliotolewa mwaka 2012 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, ukaboreshwa mwaka 2017, pumzi 12 hadi 20 hazipewi alama, 21 hadi 24 hupewa 2, na kuanzia 25 ni 3. Hiyo 3 peke yake inatosha kumfanya muuguzi aombe mgonjwa aangaliwe haraka. Mfumo huo ndio niliokuwa natumia kupima mafaili yangu. Wodi yetu haikuwa nao wakati yale mafaili yanaandikwa.

Nikageuza ukurasa wa chati ya usiku, nikaona mwandiko wangu.

Sikuhitaji jina kumkumbuka mgonjwa. Siku ya tano baada ya kukatwa utumbo, kitanda cha karibu na dirisha. Nilikuwa nimeandika saa sita usiku: joto 37.6, mapigo 112, presha 118 kwa 70, oksijeni 95, pumzi 18. Saa kumi usiku, pumzi 18. Chini yake, kwenye maelezo, kwa herufi zangu za kulala kulia: “Mgonjwa hana utulivu, anauliza mara kwa mara yuko wapi. Ametulizwa.”

Nilijumlisha kama nilivyofanya kwa mafaili mengine. Mapigo 2, oksijeni 1. Jumla 3, alama za mtu ambaye unaweza kumwacha alale. Halafu nikasoma tena maelezo yangu mwenyewe. Mkanganyiko ulioanza ghafla una alama 3 katika mfumo ulioboreshwa, na jioni ile mgonjwa alikuwa ameongea nami vizuri, akijua alipo na kwa nini yupo. Jumla ikawa 6. Safu ya pumzi sikuweza kuijumlisha. Niliitazama ile 18 nikijaribu kukumbuka kifua chake, nikakumbuka tu mikono yake ikivuta shuka. Sikuwa nimehesabu.

Mstari uliofuata ulikuwa wa saa moja na dakika kumi na tano asubuhi, kwa mwandiko mwingine: presha 88 kwa 50, mapigo 134, pumzi 34. “Daktari wa zamu ameitwa. Amefika.” Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia. Alirudishwa chumba cha upasuaji kabla ya saa nne, akatoka huko kwenda kwa mahututi, na baada ya wiki kadhaa akaruhusiwa akiwa na mfuko wa choo tumboni. Siwezi kusema kuhesabu kungeuzuia mshono usiachie. Lakini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi kuna saa saba, na saa saba ni nyingi mno kwa mtu mwenye maambukizi yanayosambaa mwilini.

Ule mwandiko wa asubuhi niliujua pia. Ulikuwa wa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aliyeingia kazini akiwa na cheti na hakuongeza kingine. Huyohuyo ndiye aliyeniuliza, siku nilipoleta barua ya kukubaliwa chuoni, “Uzamili wa nini, mwanangu, na mgonjwa ni yuleyule?” Swali hilo liliniuma. Nilimjibu kwa utafiti tuliokuwa tumeusoma darasani, wa mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 kutokana na hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya: kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na huko muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wangapi?” Nilibabaika, kwa sababu sehemu hiyo ya utafiti niliiruka. Utafiti uleule ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano huo unapanda kwa asilimia 7.

Wakati wa ile 18 nilikuwa na stashahada na shahada ya kwanza, zote mbili. Nalisema hili kwa sababu naamini katika elimu ya juu ya muuguzi, naitetea mpaka leo mbele ya yeyote. Ila haikuwa imeniingia kidoleni, kwenye mshale wa sekunde.

Asubuhi nilimpigia msimamizi wangu wa tasnifu, nikamwambia mmoja wa wauguzi kwenye mafaili ni mimi, nikamwomba niliondoe hilo faili. Aliuliza, “Limekidhi vigezo vyako?”

“Ndiyo.”

“Basi linabaki. Na utaandika kwamba mtafiti alifanya kazi kwenye wodi hiyo.”

Nilikata simu nikiwa na hasira naye, hasira iliyodumu kama siku mbili. Nilipomfuata yule mama, alikuwa anapanga dawa za saa mbili. Nikamsubiri amalize, maana kwenye dawa hakatizwi mtu. Nikamtajia kitanda cha dirishani na mwaka.

“Namkumbuka,” alisema.

“Ulijua kwamba sikuhesabu?”

“Nilijua. Mtu hatoki 18 akafika 34 kwa saa tatu, hivihivi tu.”

“Mbona hukuniambia, Mama?”

Alifunga toroli la dawa, akageuza ufunguo. “Nilikuambia wiki yako ya kwanza. Nilikuambia tumia saa, usitumie macho peke yake. Ulisema umeshafundishwa.”

Sikukumbuka kusema hivyo, lakini sikuwa na shaka kwamba nilisema. Niliomba radhi. Hakunijibu kwa maneno. Alinishika bega akaenda kwa wagonjwa wake.

Matokeo niliyawasilisha wodini kabla ya kuyapeleka chuoni. Nilifanya hivyo kwa makusudi, kwenye makabidhiano ya zamu, zote mbili zikiwepo. Nilionyesha zile safu za 18 bila kutaja ya nani ni ipi, kisha nikaonyesha faili 41 na kusema ni langu. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kijana mmoja aliyekuwa na miezi michache kazini aliuliza kama nitachukuliwa hatua. Mwingine, mwenye uzoefu kuliko mimi, alisema kwa sauti ya chini kwamba hata za kwake zimo humo. Muuguzi kiongozi hakulaumu mtu. Aliuliza zamu ya usiku ina wauguzi wangapi na wagonjwa wangapi, akaandika, akaondoka na karatasi hiyo kwenda kwa wakubwa. Jibu lilichukua miezi mingi, na halikuwa lote tulilotaka. Tulipata muuguzi mmoja zaidi usiku. Karatasi ya alama za tahadhari ilianza kutumika mapema zaidi, kwa kuwa yenyewe ilihitaji uchapishaji tu.

Usiku uliofuata baada ya kuwasilisha yale matokeo wodini nilikuwa zamu. Nilianza raundi nusu saa kabla ya muda wangu wa kawaida, saa mkononi, nikashika kila mkono dakika nzima, na nyingine ya kifua. Nilichelewa kwenye kila kitu kingine, na dawa za mtu mmoja zilisogea dakika ishirini.

Asubuhi aliyepokea zamu alikuwa yule mama. Alichukua chati ya kitanda cha kwanza, akashusha miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya pumzi. Akachukua ya pili, ya tatu, ya nne. 14. 22. 17. 19. Kwenye ile ya 22 alisimama, akaniuliza nimempigia daktari saa ngapi. Nikamwambia. Akageuza ukurasa.