Viza ya uchumba sugu

Kila niliyemwambia kwamba naomba viza ya kumfuata mwenzangu Mangi Uingereza, nasi hatujaoana, ameniuliza swali lilelile: sasa si mkafunge ndoa tu bomani, yaishe? Ameuliza mama, ameuliza shangazi, ameuliza hata dada anayeniuzia vocha. Nijibu hapa mara moja, maana nimechoka kurudia.

Mimi ni wa Kibosho, Mangi wangu ni wa Machame. Aliyekulia Kilimanjaro ameshaelewa. Kwa wengine: wamisionari walipopanda huku mwishoni mwa karne ya 19, Walutheri wa Leipzig walishika Machame na mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakashika Kibosho, na mpaka leo mipaka yao inapita katikati ya posa za watu. Ndoa ifungwe kanisa gani? Watoto wabatizwe wapi? Baba yangu na baba yake wana majibu, ila hayafanani. Na bomani nako kuna notisi ya siku 21 kabla ya ndoa, inabandikwa wazi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Namjua wa kujitokeza. Angefika na tai.

Basi tukaishi tu. Tangu 2021 tuko Rau, hapa Moshi, vyumba viwili na jiko la nje. Parokiani hali yetu inaitwa uchumba sugu, na ndiyo sababu wenzangu wakiinuka kwenda kupokea komunyo mimi nasogeza miguu wapite.

Mwaka 2024 Mangi akapata ufadhili wa PhD Leeds, mambo ya udongo. Hapo ndipo bahati ilipotuangukia. Waingereza walishabana: anayeanza masomo kuanzia Januari 2024 hachukui mwenza wala watoto, isipokuwa yuko kwenye PhD au shahada nyingine ya utafiti, au analipiwa na serikali. Kuna mwenzake aliyeondoka mwaka huohuo, yuko kwenye masters ya kawaida kwa pesa zake. Ana mke wa ndoa, cheti kipo, pete ipo, picha ya keki ipo, na mke yuko Arusha anamsubiri. Mimi nisiye na hata pete ya shaba naruhusiwa kuomba.

Na wasiooana wanatambuliwa. Wanataka uthibitisho kwamba mko kwenye uhusiano unaofanana na ndoa kwa walau miaka 2. Niliposoma hilo kwenye tovuti ya serikali yao nilicheka peke yangu dukani kwangu. Uingereza imenitambua kabla ya parokia! Halafu mteja mmoja ambaye ni wakili, alikuja kutoa kopi, akanionyesha kwamba hata Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawachukulia kuwa ni mume na mke, sheria inakisia kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo wa kunikatalia wamebaki wazee wawili na makanisa yao.

Hesabu sasa, nizipite haraka kwa sababu zinauma. Kwa viwango vya 2025, ada ya viza ilikuwa pauni 524. Bima yao ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote kwa mkupuo. Miaka mitatu ni pauni 2,328, zaidi ya milioni 7 zetu. Wakikunyima viza, hela ya bima inarudi, ya ada hairudi. Juu ya hapo benki ionekane na pauni 680 kwa mwezi kwa miezi 9, kwa anayekwenda nje ya London, na hela hiyo ikae siku 28 mfululizo bila kushuka. Kikoba changu kimenijua vizuri kipindi hicho.

Pesa hutafutwa. Kilichonitoa jasho ni ushahidi. Mimi nina steshenari karibu na stendi, kazi yangu ni fomu za watu: mkopo wa Bodi, cheti cha kuzaliwa RITA, pasipoti. Najua karatasi inavyotakiwa kusema. Lakini tafuta karatasi moja yenye majina yenu wawili, uone. Mkataba wa pango una jina la Mangi tu. Luku ya umeme imesajiliwa kwa mwenye nyumba, na bili ya maji vilevile. Akaunti ya benki kila mtu na yake. Rau nzima inajua mimi nalala pale, jirani anajua mpaka siku tuliyogombana kuhusu king'amuzi, ila hakuna popote palipoandikwa.

Nikaanza kwa taarifa za M-Pesa. Nilichapisha miaka yote, nikapaka rangi ya njano kila palipo na jina lake: kodi nusu, gesi, hela ya dawa ya mama yangu, elfu tano tano zisizo na maelezo. Ukizitazama zote kwa pamoja zinaonyesha nyumba kabisa. Nikaongeza fomu ya kikoba ambako nilimwandika yeye kuwa mnufaika nikifa, na karatasi za hospitali ya KCMC za nilipofanyiwa upasuaji, zina jina lake na namba yake kwenye ndugu wa karibu.

Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimkuta kwa mama ntilie, chapati mkononi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba binti yangu. Kuna shida?"

Nikamweleza. Hakuuliza mara mbili. Tulipofika ofisini aliandika kwamba anatutambua kuwa mume na mke halali, wakazi wema wa mtaa wake, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Barua yenye upendo mtupu. Tatizo, fomu yangu inasema sijaolewa. Afisa akishika karatasi moja inayosema mke halali na nyingine inayosema hajaolewa, atajua tu kwamba mmoja wetu anadanganya.

"Mwenyekiti, naomba uandike tunaishi pamoja, ila ndoa hatujafunga."

Akavua miwani. "Niandike kwa muhuri wa serikali kwamba nimeruhusu hayo mtaani kwangu?"

"Hujaruhusu, mzee wangu. Unashuhudia tu."

"Na baba yako akiiona?"

"Baba hatembelei ofisi za viza."

Alifikiri sana. Akaandika upya: tunaishi nyumba moja tangu 2021, tunashiriki misiba na shughuli zote za mtaa, "na taratibu za ndoa zinaendelea." Hayo ya mwisho ni ya kwake, sikuyaomba. Nikaona yanamsitiri yeye na mimi, nikashukuru.

Lakini ushahidi ninaoupenda ulikuwa kwenye droo. Kadi za mchango! Mtanzania hawezi kuishi bila kuletewa kadi ya mchango wa harusi, na mwandishi wa kamati haulizi cheti cha ndoa. Anaangalia nani anaishi na nani, anaandika Bwana na Bibi, anakuachia deni. Tulikuwa na rundo, kila moja ina tarehe, kila moja ina jina la ukoo wa Mangi na mimi nikiwa Bibi wake. Binamu zake, watoto wa wafanyakazi wenzake, sendofu ya mtu nisiyemkumbuka hata sura. Nilivyokuwa nazilalamikia kadi zile! Nikazipanga kwa miaka, pamoja na picha za shughuli zenyewe, sisi wawili tumevaa vitenge vya sare.

Vyote vya Kiswahili vilitakiwa kutafsiriwa, na mtafsiri aweke tarehe, jina kamili, saini, mawasiliano yake, na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Nilimtumia mtu wa Arusha anayetoza kwa ukurasa. Ukiwa na kadi nyingi, chagua.

Dar ilikuwa basi la alfajiri. Kwanza kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, picha ya kifua, cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikiwahi mno. Halafu kituo cha maombi ya viza, alama za vidole na picha. Binti wa dirishani hakuniuliza lolote kuhusu Mangi, nami nilikuwa nimeshajiandaa kujitetea hadi kwa Mungu.

Majibu bado. Kwa kawaida ni kama wiki 3, nami nafungua barua pepe kila baada ya mteja.

Ila huku nyumbani barua ya mwenyekiti imefika kwa baba, msiniulize kwa njia gani. Wiki iliyofuata wajomba wa Mangi walipanda Kibosho na pombe ya mbege. Niliwapigia wakiwa njiani: leteni kishika uchumba, kingine chochote msikamilishe, maana mkiniozesha kimila leo nitakuwa nimewaandikia Waingereza uongo. Mjomba mkubwa akacheka, akasema huu ndio mwaka wa kwanza kuona bibi harusi anayewaomba wazee wasiharakishe. Kishika uchumba kimepokelewa. Swali la kanisa halikuguswa kabisa, kila upande ulijifanya umelisahau. Mahari yenyewe imewekwa Desemba, tukirudi wote likizo, kwa sababu baba amesema wazi kwamba hapokei mbuzi kwa M-Pesa.