Muuaji mmoja, kesi zote? Nionyeshe tarehe kwanza

Mpwa wangu anaamini Edward Wayne Edwards, muuaji wa Kimarekani, ndiye aliyeua karibu kila marehemu maarufu ambaye Marekani imeshindwa kumjua muuaji wake. Tumekaa barazani hapa Mtanda, Lindi, umeme umekatika, yeye anahesabu kwa vidole: wale waliouawa kule California na mtu asiyejulikana aliyejiita Zodiac, Elizabeth Short ambaye magazeti yalimbandika jina la Black Dahlia, mpaka mtoto JonBenét Ramsey wa Colorado. "Mjomba, ni jamaa huyohuyo mmoja!"

Mimi nimezeekea masijala, na masijala inamfundisha mtu ubishi wa aina yake: tarehe kwanza, hadithi baadaye. Edwards alizaliwa Juni 1933. Elizabeth Short aliuawa Los Angeles Januari 1947. Kwa hiyo tunaambiwa mtoto wa miaka 13, mzaliwa wa Ohio, alivuka nchi nzima ile, akamuua mwanamke wa miaka 22, akamkata kiunoni vipande viwili na asiachie alama. Kahawa ilinipalia.

Edwards hakuwa mtu mwema, tusielewane vibaya. Aliua vijana wawili Ohio 1977, wengine wawili Wisconsin 1980, na 1996 akamuua kijana aliyekuwa akimlea mwenyewe, ili ale pesa za bima. Vinasaba vilimuumbua 2009, akafia gerezani 2011 kabla siku ya kutekeleza hukumu yake ya kifo haijafika. Hao watano wana ushahidi na hukumu. Wengine wote wana nini? Kwamba alikuwa akihamahama na kupenda sifa.

Sisi watu wa kusini tunaijua tabia hii ya kumbebesha mmoja vifo vya wengi. Rufiji walikuwa na simba wao waliyemwita Osama, akauawa 2004 akiwa amebebeshwa vifo zaidi ya 30. Lakini utafiti uliotoka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania kuanzia 1990, na Lindi yetu ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Watu walilala dunguni kulinda mazao, nguruwe wakaja kula, simba wakawafuata nguruwe. Maelezo hayo hayana jina la kutisha. Ukimpiga risasi Osama angalau unalala usiku mmoja, mpaka usikie kilio kijiji cha pili.

Mpwa akarukia kwa Henry Lee Lucas, muuaji mwingine wa Kimarekani aliyefungwa Texas. "Huyo alikiri mwenyewe!" Ndiyo, alikiri mauaji mamia. Polisi wa majimbo mengi walipanga foleni Texas na mafaili yao, na yeye akawa anapata sigara, vinywaji vya maziwa na stroberi, na safari za nje ya selo. Nani asingekiri? Mwaka 1985 waandishi wa Dallas Times Herald wakafanya kazi ya masijala: wakapanga kumbukumbu kwa tarehe, na Lucas akaonekana mbali kabisa na mahali alikosema ameua. Hata kesi iliyompa hukumu ya kifo, ya mwanamke aliyekutwa Texas 1979 akiwa na soksi za rangi ya chungwa tu, karatasi za kazi zilimweka Florida akiezeka mapaa. Gavana George W. Bush alimbadilishia adhabu kuwa kifungo cha maisha 1998. Na kila faili lililofungwa kwa jina lake bila haki, muuaji wa kweli alipumua.

Kuunganisha kesi si kosa. Vinasaba vilionyesha 2001 kwamba mbakaji wa kaskazini mwa California na muuaji wa kusini ni mtu mmoja, na 2018 akakamatwa Joseph DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi. Lakini pale maabara ilitangulia, jina likaja mwisho. Kwa Edwards jina limetangulia, kesi zinatafutwa za kulijaza.

Mpwa akanyamaza kidogo, akajaribu tena. "Lakini mauaji ya Zodiac yalianza 1968, Mjomba, na Edwards alikuwa nje." Kweli, alitoka jela 1967. Nikamuuliza: na wanaume wazima wangapi wa Marekani walikuwa nje mwaka huo?