Kwa Nini Mota za Droni Yangu Zilikuwa Zinachemka

Droni niliyoiunda kwa mikono yangu ilikaa hewani kwa muda usiofika dakika moja siku ilipopaa kwa mara ya kwanza, na sauti yake haikunipendeza tangu ilipoacha ardhi. Badala ya mvumo mmoja ulionyooka nilisikia mkwaruzo, kama wa msumeno mdogo unaopitishwa juu ya bati. Niliishusha, nikachomoa betri, nikagusa mota moja baada ya nyingine, na zote nne zilikuwa za moto kiasi kwamba kidole hakikuweza kutulia juu yake hata kwa sekunde tatu. Mota nzima, baada ya kuelea kwa muda mfupi kama huo, huwa vuguvugu tu. Naandika jinsi nilivyoutafuta ugonjwa huo kwa sababu kuutafuta kulinifundisha namna droni inavyoruka kuliko majuma yote niliyotumia kuiunganisha.

Fremu yake ni ya nyuzi za kaboni, ina mikono minne, na kila mkono umebeba mota yenye propela ya inchi 5. Mota mbili zinazotazamana kimshazari huzunguka kwa kufuata mishale ya saa, na mbili zilizobaki huzunguka kinyume chake, ili nguvu inayotaka kuuzungusha mwili upande mmoja ifutwe na ile ya upande wa pili. Chombo hiki hakina usukani wala bawa linalopinda. Kikitakiwa kuinama mbele, mota za nyuma huongeza kasi na za mbele hupunguza; kikitakiwa kugeuza pua, jozi moja huongeza na jozi nyingine hupunguza kwa kadiri ileile, hivyo kimo hakibadiliki. Kila tendo lake ni badiliko la kasi ya mota, na kwa sababu hiyo mota hazipumziki kamwe, hata pale droni inapoonekana imetulia tuli hewani.

Hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuzisimamia mota nne kwa wepesi huo. Mwaka 1907 nchini Ufaransa, Louis Breguet na wenzake walikiinua chombo chao chenye rota nne, lakini ilibidi watu wasimame chini yake, kila mmoja penye mkono mmoja wa chombo, wakikishikilia kisipinduke. Étienne Oehmichen alifaulu mwaka 1924 kuruka na chombo chake mzunguko wa kilomita 1 na kurudi alikoanzia, ingawa naye alilazimika kuongeza propela ndogo kadhaa kwa ajili ya kuweka mizani na kukiongoza. Walichokosa hao ni kihisi chepesi cha kutambua mwinamo na kompyuta ya kuusahihisha papo hapo. Sisi tunaounda droni nyumbani tulikipata kihisi hicho kwa njia ambayo mpaka leo hunifurahisha: watu walivifungua viambatisho vya rimoti za mchezo wa Nintendo Wii, wakatoa jairoskopu (vihisi vya mzunguko) zilizomo, na programu ya kuongozea droni iliyoandikwa kwa ajili yake ikaitwa MultiWii.

Jairoskopu iliyo kwenye bodi ya saketi inayoiongoza droni yangu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nayo hupima kasi ya mzunguko wa mwili maelfu ya mara kwa sekunde. Programu hulinganisha kipimo hicho na kile ninachokiomba kwa rimoti, kisha huamua mambo matatu kwa pamoja: tofauti ni kubwa kiasi gani sasa hivi, imedumu kwa muda gani, na inabadilika kwa kasi gani. Jambo la tatu ndilo breki ya droni, kwa maana huizuia isipitilize inaporudi mahali pake. Lakini breki hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa. Mtetemo mdogo sana wa haraka, hata kama hauusogezi mwili, hubadilika kwa kasi kubwa, na programu huuona kana kwamba droni inataka kupinduka. Basi huziamuru mota ziongeze, zipunguze, ziongeze tena, mamia ya mara ndani ya sekunde moja. Umeme unaotumika kwa vurugu hiyo hauinui kitu. Hugeuka kuwa joto ndani ya nyaya za mota.

Maelezo hayo nilikuwa nimeyasoma, ila sikuyakumbuka siku ile. Nilianza kwa kushuku skrubu. Skrubu za kufungia mota zikizidi urefu kwa milimita moja tu, ncha zake huzigusa nyaya za shaba zilizosokotwa ndani na kuzipiga shoti. Nilizitoa zote 16, nikazipima dhidi ya unene wa mkono wa fremu, nikapima pia kwa multimita kati ya nyaya za kila mota na fremu yenyewe. Hapakuwa na shoti. Kwa kweli sikutarajia kuiona, kwa sababu kabla ya kuunganisha betri kwa mara ya kwanza niliipitishia droni umeme kupitia balbu ya gari iliyokaa katikati ya waya mmoja. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, njia ni salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, na balbu ndiyo inayobeba mzigo badala ya bodi kuungua. Yangu ilifumba na kufumbua mara moja tu. (Propela zilikuwa zimetolewa, na huwa sizifungi mezani kwa sababu yoyote ile, kwani propela ya inchi 5 hukata nyama mpaka mfupa.)

Nilibadilisha propela, nikitumaini kwamba moja ilikuwa imepinda, lakini joto lilibaki vilevile. Ndipo nilipofungua kumbukumbu ya safari ambayo bodi huihifadhi yenyewe, nikaitazama michoro ya jairoskopu. Palikuwa na kilele kirefu kwenye mitetemo 200 kwa sekunde, na kila nilipokuwa nimeongeza nguvu, kilele nacho kilihamia juu. Hesabu yake ni nyepesi: mota inayozunguka mara 12,000 kwa dakika huzunguka mara 200 kwa sekunde. Kama kingekuwa kimesimama mahali pamoja ningeishuku fremu, lakini kilizifuata mota. Kila mota hutetemeka kidogo, hilo ni jambo la kawaida. Swali lilikuwa kwa nini mtetemo huo uliifikia jairoskopu ukiwa na nguvu zake zote.

Jibu lilikuwa chini ya nati nne. Bodi hukaa juu ya vipira vinne laini ambavyo kazi yake ni kuumeza mtetemo kabla haujapanda kwenye kihisi. Mimi, kwa mazoea ya kukaza kila ninachokifunga, nilikuwa nimezikaza nati mpaka vipira vimebinywa na kuwa kama sarafu, vigumu kama mbao. Zaidi ya hapo, waya mnene wa betri ulikuwa umepita ukiegemea ukingo wa bodi, ukiusukuma kutoka upande mmoja. Nililegeza kila nati mpaka kipira kikarudi umbo lake na bodi ikaweza kuchezacheza kidogo nikiisukuma kwa kidole, kisha nikaupinda waya wa betri na kuufunga kwenye fremu usiguse kitu.

Ningeweza kuyaacha yote hayo na kuongeza michujo ndani ya programu, kama wengi wanavyoshauri. Mchujo huondoa kelele, yaani mitetemo isiyotakiwa ndani ya kipimo, lakini huchelewesha kipimo, na droni inayopata habari kwa kuchelewa husahihisha kosa ambalo limeshabadilika. Ukiizidishia michujo, huanza kuyumba ikishuka ndani ya upepo wake yenyewe. Naona ni bora mtetemo uzuiwe kwenye kipira kuliko kuachiwa kompyuta.

Niliirusha tena jioni ileile kwa betri ya seli nne iliyojaa, volti 4.2 kila seli, na nikaishusha ilipofika volti 3.5. Mkwaruzo ulikuwa umetoweka, umebaki mvumo. Niliweka kidole gumba juu ya kila mota na kukiacha hapo mpaka nikaridhika; zote zilikuwa vuguvugu, isipokuwa ya nyuma kulia iliyozidi kidogo. Nilipoizungusha kwa mkono niliisikia beringi yake ikisaga taratibu, na beringi mpya ndiyo kazi ya juma lijalo.