Siku moja maishani mwangu: makasha ya mninga yanaondoka

Saa kumi na mbili asubuhi. Kabla sijanawa uso napitia karakana kuangalia kama nta imekauka. Karakana ni banda la mabati nyuma ya nyumba, hapa Isevya, Tabora mjini. Katikati yamesimama makasha mawili ya spika yaliyokula jioni zangu za wiki tano. Nimeyapaka nta ya nyuki, si vanishi. Mtu wa Tabora akikosa nta ya nyuki ana lake jambo. Napitisha kiganja, hakinati. Imekubali.

Saa moja. Matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na chai ya rangi. Mke wangu ananichokoza, "Baba watoto, leo unauza au unagawa tena?" Sijibu, mdomo umejaa.

Saa mbili. Anakuja mama anataka stuli nne za mgahawa. Tunaelewana haraka, anaacha kianzio, anaondoka. Stuli ndizo zinazolisha nyumba hii. Spika ni ugonjwa wangu.

Saa tatu. Nafunga woofa, spika za besi. Ni za inchi 12, nilizipata kwa mtu aliyerithi vyombo vya ukumbi wa dansi. Makasha yake yalishaliwa na mchwa yakabaki unga, lakini spika zenyewe nzima. Ukingo wa koni ni kitambaa kilichokunjwa, ndiyo maana zimedumu. Zingekuwa za ukingo wa sponji, sponji ingeshasagika yenyewe kama biskuti iliyolowa.

Ubavu wa makasha ni mninga mtupu, mbao za kununua kwa risiti, zilizokaa kivulini karibu mwaka. Mninga hauchezi sana masika yakija na kiangazi kikija, ndiyo sifa yake, ingawa vumbi lake linanipiga chafya mpaka machozi. Uso wa mbele ni plaiwudi ya milimita 18. Watu wananilaumu kwa hilo, "fundi umechakachua." Sikuchakachua. Ukitoboa tundu la inchi 12 kwenye mbao nzima, pembeni panabaki vipande vyembamba, na mbao hupasuka kufuata nyuzi zake. Plaiwudi nyuzi zake zimepishana, haina pa kupasukia. Ndani kila kasha lina lita 75 hivi za hewa, kipande cha bomba la maji la inchi 3 kwa ajili ya pumzi ya besi, na kwenye kuta zake sufi ya mto wa kulalia. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ni mpya, nimeiwekea kapasita ya mikrofaradi 4.7 ili sauti nzito zisiifikie zikaiunguza.

Kitambaa cha mbele ni gunia jipya la kufungia tumbaku. Nililipuliza kwa mdomo dukani, pumzi ikapita upande wa pili. Pumzi ikipita, sauti inapita. Muuza duka alinitazama kama mwehu.

Saa nne na nusu. Najaribu. Amplifaya yangu imekufa upande mmoja tangu mwezi uliopita, kwa hiyo nasikiliza kasha moja, nachomoa, nasikiliza la pili. Yote safi. Dogo anayejifunza kwangu anasema, "Bosi, zinaongea, lakini hazidundi." Jirani yetu anauza masabufa yenye taa za rangi, na huko ndiko masikio ya dogo yalikosomea.

Saa sita. Kirikuu imefika. Kila kasha ni mzigo wa watu wawili, na dereva anataka kuyalaza juu ya magunia ya mkaa. Tunakosana kidogo. Mwishowe dogo anakaa nyuma ameyakumbatia mpaka Cheyo, kwa Mzee aliyeyaagiza.

Saa saba. Mzee amestaafu reli. Alinipa kazi hii kwa sharti moja, yafanane na yale aliyoyaona ujanani, miguu ya kuchongoka na kitambaa cha kufumwa. Namwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Mama, mkewe, naye ametoka jikoni, anauliza kama yana blutuuthi. Mzee anajifanya hajasikia.

Amplifaya yake nzima, pande zote mbili. Anatoa boksi la santuri ndogo za mizunguko 45, anapangusa moja kwa upindo wa shati. Tabora Jazz, bendi ya zamani ya hapa kwetu. Anakaa kwenye kochi, anafumba macho. Gitaa zinaingia, tarumbeta inaingia, na mimi tumbo linanikata. Besi haipo. Sauti imesambaa kila kona, haina mwili. Ubeti wa kwanza unaisha. Mzee anafumbua jicho moja.

"Fundi, mwimbaji amekwenda wapi?"

Zile santuri ni mono, makasha yote mawili yanapewa kitu kilekile. Ukikaa katikati, mwimbaji anatakiwa asimame hapo mbele yako, pasipo na spika yoyote. Asiposimama, ujue kasha moja linasukuma wakati lingine linavuta, yanafutana, na besi ndiyo inayotangulia kufa. Nilikuwa nimegeuza waya za woofa moja. Nyumbani nisingegundua kamwe, nilisikiliza moja moja.

Naomba betri ya saa ya ukutani. Nagusisha waya nyuma ya kasha la kulia, koni inatoka nje. La kushoto, inarudi ndani. Ndilo hilo. Jasho linanitoka, nafungua skrubu nane, nageuza waya, nafunga. Mama ameniletea maji bila kuombwa, nadhani alinihurumia.

Mzee anarudisha sindano mwanzo. Sasa besi inatembea sakafuni, na mwimbaji kasimama sawasawa juu ya kimeza cha maua. Mzee haongei. Santuri inaisha, anaigeuza. Halafu anaweka Nyanyembe Jazz, bendi nyingine ya hapahapa. Nakaa pale karibu saa nzima, ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, ya karanga vinaletwa, tunakula huku muziki unapiga.

Saa tisa na nusu. Bei. Nilisema 900,000. Vifaa peke yake vilinila 430,000.

"Laki saba," anasema.

"Mzee wangu, hiyo ni mninga."

"Nimeona. Lakini ulinipunguzia mwimbaji, na mimi nakupunguzia bei."

Mama anacheka huko jikoni. Mimi pia, na ukishacheka kwenye bei umeshashindwa. Tunakutana 780,000, anatuma kwa simu, na ya kutolea juu.

Saa kumi na mbili jioni. Karakana. Mahali yaliposimama makasha pamebaki alama mbili safi kwenye vumbi. Dogo keshaanza kuchonga miguu ya stuli. Mke wangu anauliza ilikuwaje, namtajia bei, anatikisa kichwa na kuingia ndani.

Saa tatu na nusu usiku. Simu inaita, ni Mzee. Haniamkii wala haulizi kitu. Ameiweka simu mbele ya spika. Kwenye kispika cha simu yangu, kisichozidi punje ya mahindi, nasikia tarumbeta tu, nyembamba kama mbu. Namsubiri amalize wimbo, kisha namwambia apunguze sauti, majirani wamelala.

"Majirani wako hapa sebuleni," anasema, na kukata.