Vivuko vya mbao kwenye njia za msitu wa Amani

Kinachoua kivuko cha mbao msituni si uzito wa watu, ni maji yanayotuama pale mbao inapogusana na udongo. Tulipojenga vivuko vya wapita kwa miguu huku Amani, wilayani Muheza, hilo ndilo nililolishikilia kuliko yote, maana Usambara Mashariki hapakauki: masika ikiisha, vuli iko njiani.

Boriti zilikuwa za mtiki, tulizonunua huko chini. Ndani ya hifadhi haikatwi hata fito. Mtiki una mafuta yake yanayozuia mchwa, lakini ni kwenye kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote, na kila boriti yenye weupe mwingi niliirudisha kwa muuzaji. Kisha tukazipandisha begani.

Kabla ya kupima chochote nilikagua vichaka vya kandokando ya kijito. Takataka zilizonasa matawini huonyesha maji ya mafuriko yalifika wapi, nasi tukaziweka boriti juu ya alama hiyo. Kwa macho yangu ilikuwa juu mno. "Mwanangu," fundi wetu mzee akaniambia, "kijito cha kiangazi usikiamini." Ncha hatukuzifukia, zimelala juu ya mawe bapa, hewa ipite chini yake. Mbao za kukanyagia tukazipigilia kwa kuachia nafasi ya kidole, maji yadondoke, na juu yake wavu wa kuku, kwa sababu ukoga wa kijani huota upesi na huangusha watu.

Kuna walioshauri tupake oili chafu. Nilikataa kabisa. Vijito hivi huteremkia Mto Zigi, Zigi huingia bwawa la Mabayani, na humo ndimo jiji la Tanga linamopata maji ya bomba. Kwenye mawe yenye kivuli huota pia Saintpaulia, ua dogo la zambarau lililopelekwa Ujerumani kutoka Tanga miaka ya 1890, ambalo leo hupandwa vyunguni duniani kote. Nyumbani kwake ni hapa. Mahali pamoja tulisogeza kivuko kizima ili mawe yake yasiguswe, na njia ikazunguka kidogo.

Ncha moja ya kila kivuko imefungwa kwa waya kwenye mwamba: mafuriko yakizidi, kivuko hugeuka kikalala ukingoni badala ya kuchukuliwa. Kila masika ikiisha tunapita na ufagio na spana, tunaondoa majani kwenye viungo na kukaza nati.